Kadi Iliyolala Juu ya Magunia

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimevaa sketi ya kanisa na viatu vya kisigino, nywele nimesukwa upya. Nilikuwa nimesikia ni kazi ya karatasi, na kwa akili yangu kazi ya karatasi ni ofisi: kiti inazunguka, feni juu, mtu anakuletea chai. Mathe, mwenye karakana, alinifungulia geti kule Kiamunyi, akaniangalia kutoka juu mpaka chini, akanipatia gumbuti za mpira na mwiko mrefu wa kupikia ugali wa harusi.

"Ofisi iko wapi?" nikauliza.

"Umesimama ndani," akasema.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba, kando ya sufuria kubwa juu ya mawe, na ndani kulikuwa kunachemka kitu inanuka kama githeri ya mahindi na maharagwe yenye mwenyewe amesafiri. Nikavaa gumbuti. Kisigino nilirudi nazo nyumbani kwa mfuko wa nailoni.

Sasa watu wananicheka nikisema nimestaafu. Sijafika thelathini, meno yangu yote iko, na pensheni yangu ni hizo gumbuti. Lakini mtu akiingia kazini akitoka tu darasa la nane, akapitia kila idara, akafanya chini ya wakubwa, halafu akatoka bila kufukuzwa, huyo amestaafu. Nawaandikia nyinyi wadogo zangu mnaodhani kadi ya harusi ama ya heri inatoka kwa simu. Nataka mjue kadi ya mkono ilikuwa inatengenezwa aje kwa karakana ya Mathe. Na nataka niwaambie juu ya kadi moja ya mzee wa Rongai, ile ya huku kwetu Nakuru, sababu hiyo ndiyo ilinionyesha kazi yenyewe ni ya nini.

Mathe jina lake ni Mama Wangari. Alikuwa mkurugenzi, mhasibu, mpishi na askari wa geti. Chini yake kulikuwa na Foreman, mzee mmoja aliyekuwa fundi wa mbao. Alikuwa hana mtu wa kusimamia mpaka siku nilifika, kwa hivyo nafikiri nilimsaidia kupata cheo.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Idara ya Sufuria. Karatasi inaanza na kitu yenye nyuzi, na huku kwetu kitu yenye nyuzi ni maganda ya mahindi, ile nguo mahindi huvuliwa kabla ichomwe. Unayakatakata, unayachemsha na magadi, hiyo hiyo magadi ya kulainisha githeri, mpaka ukivuta ganda na vidole liachane bila kukupigania. Halafu unaosha. Halafu unaosha tena, sababu magadi ikibaki maji yanateleza kwa mkono kama ya sabuni, na karatasi yako itageuka manjano kabla haijamfikia mwenyewe. Ukishaosha unatwanga kwa kinu mpaka iwe kama uji wenye nywele. Huo uji ndio tunaita rojo.

"Mathe, hii imeiva?" nilikuwa nauliza kila saa.

"Vuta."

"Nimevuta."

"Inasema nini?"

"Imekataa."

"Basi wacha ichemke. Hata wewe ukiulizwa kitu kabla ya chai huwa unakataa."

Rojo ya maganda peke yake ni kali, karatasi yake inakwaruza kama kidevu cha mjomba. Kwa hivyo unaichanganya na karatasi kuukuu, sana sana vitabu za shule zilizojaa. Unaloweka, lakini kwanza unararua kwa mkono. Ukikata na makasi unafupisha nyuzi, na nyuzi fupi hazishikani. Karatasi zile za kung'aa weka kando, hizo ni plastiki imevaa suti.

Nilipoacha kuuliza maswali kwa sufuria nikahamishwa Idara ya Wavu. Wavu ni fremu mbili za mbao zinazolingana. Moja imewambwa wavu wa dirisha, ingine iko wazi, inakaa juu yake kuzuia rojo isimwagike pembeni. Unazishika pamoja, unaziingiza kwa karai la rojo zikiwa zimeinama, unazilaza chini ya maji, unaziinua zikiwa zimelala sawa kama sinia ya chai ya wageni. Maji ikiwa bado inashuka unatikisa kidogo, huku na huku, nyuzi zishikane mikono. Maji ikiisha, wacha. Ukitikisa hapo unapata karatasi yenye kipara.

Sehemu ngumu ni kuishusha. Unatoa fremu ya juu, unageuza wavu juu ya kipande cha blanketi kilicholoweshwa, unabonyeza mgongo wa wavu na sponji, unainua kutoka kona moja. Karatasi inatakiwa ibaki kwa blanketi. Yangu ya kwanza nusu ilibaki kwa blanketi, nusu ikarudi na mimi. Mathe akachukua wavu kutoka mikononi mwangu, akanionyesha. Alikuwa anashusha karatasi venye mtu anaweka mtoto aliyelala, anatoa mkono polepole asiamke. Nimemwona akifanya hivyo siku nyingi sana na sijawahi kuchoka kuangalia.

Rundo la blanketi na karatasi linawekwa katikati ya mbao mbili, linakandamizwa na jeki ya lori. Hiyo jeki Mathe aliitoa Mai Mahiu kwa dereva mmoja aliyekuwa amemkosea bibi yake. Dereva alikuwa anataka kadi ya kuomba msamaha na hakuwa na kitu kingine cha kubadilishana. Nikauliza akipata pancha barabarani atafanya nini. Mathe akasema, "Pancha ni yake. Bibi alifungua mlango."

Kukausha ni kwa kivuli. Unaipaka kwa kioo na brashi, upande wa kioo unatoka laini wa kuandikiwa. Jua la Nakuru likiipata waziwazi inajikunja kama sikio la ng'ombe, na ule upepo wa Januari ukileta vumbi, utakuwa na karatasi ya kahawia bila kuomba.

Kituo cha tatu nilikuwa chini ya Foreman mwenyewe, Idara ya Kisu. Foreman alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo mengi yalikuwa "ondoka hapo". Lakini yeye ndiye alinifundisha karatasi ina njia.

"Shika hii," alisema, akanipa karatasi ngumu ya kiwanda. "Pinda pole, usikunje. Sasa geuza, pinda upande ule mwingine. Wapi imekubali?"

"Hapa."

"Hapo ndio njia yake. Nyuzi zimelala upande huo. Kunja kadi ikifuata njia, itasimama. Ukikunja kuivuka, mgongo utapasuka, na kadi itakuwa inaegemea watu."

"Na hii yetu ya wavu?"

"Yetu haina njia. Nyuzi zimelala kila mahali kama watu wa matanga. Hiyo lazima upige mstari."

Kupiga mstari ni hivi: unaweka rula ya chuma pale unataka mkunjo, unapitisha biro iliyoisha wino, unabonyeza bila kukata. Karatasi inapata kajia kembamba, na ukikunja inaingia hapo yenyewe. Halafu unaweka kipande cha karatasi juu na unapitisha mfupa. Mfupa ni mfupa kweli, ubavu wa ng'ombe umesuguliwa na msasa mpaka ukawa laini kama ulimi. Wa Mathe ulikuwa umekaa kwa mkono wake mpaka ukashika alama ya kidole gumba.

Gundi nilipitia haraka. Ni uji wa ngano, unauchuja, unapaka nyembamba kutoka katikati ukienda nje, unaweka kadi chini ya mawe mpaka ikauke kabisa. Tulikuwa tunatia unga wa pareto kidogo ndani, ule wa maua meupe ya huku juu. Uji wa ngano ni uji, na wadudu hawasomi kadi, wanakula.

Mwishowe nikahamishwa Dawati la Wateja. Foreman aliomba mwenyewe. Alisema mdomo yangu inapeperusha karatasi zake.

Hapo ndio nilikutana na Baba Chebet.

Alikuja muhula wa tatu, msimu wetu mkubwa, wakati watahiniwa wanatumiwa zile kadi za kuwatakia heri kabla ya mtihani. Alisimamisha pikapu kwa geti, akashusha gunia, akaliburuta mpaka kwa dawati langu. Mzee mrefu, koti nzito, uso kama mlango umefungwa.

"Karibu mzee. Ni harusi ama ni matanga?"

"Ni mtihani."

"Hiyo iko katikati," nikasema.

Hakucheka. Akafungua gunia. Ilikuwa maganda ya mahindi.

"Nataka kadi moja. Itoke kwa hii. Ni ya shamba yangu."

"Kadi moja kwa gunia nzima? Mzee, huyo mtahiniwa ni twiga?"

Bado hakucheka. Mathe akatokea nyuma yangu. "Shiru," akaniambia, "mletee mzee kiti, halafu upeleke huo mdomo kwa sufuria." Nikaleta kiti. Mdomo nikaupeleka. Masikio niliacha hapo.

Baba Chebet ni mkulima na mnunuzi wa mahindi Rongai, na ako na store kubwa ya kuweka mahindi kando ya nyumba. Chebet ni binti yake. Alipata mimba akiwa kidato cha tatu, akatoka shule, akazaa. Mama yake akachukua mtoto, akamwambia rudi umalize. Akarudi, shule ya bweni. Asubuhi ya kwenda alisimama kwa mlango wa store na sanduku yake akasema, "Baba, naenda." Baba yake alikuwa anapima mahindi ya mtu. Hakugeuka. Akamwambia yule mtu aongeze gunia ingine kwa mizani.

"Tangu siku hiyo hatujaongea," akamwambia Mathe. "Akija likizo akiniona anapitia nyuma. Na mimi nikimwona naingia store."

Muhula wa tatu shule haikubali wageni. Kuna siku moja tu, ya maombi ya watahiniwa, wazazi wanakuja na mchungaji na kadi, halafu geti inafungwa mpaka mtihani uishe. Mama Chebet ndiye alikuwa anaenda. Mzee alitaka abebe kadi kutoka kwake.

"Isipofika," akasema, "ataingia kwa huo mtihani akijua nilimalizana na yeye."

Mathe akauliza, "Na mtoto wake anaitwa nani?"

"Huyo mtoto yuko jikoni na mama yao."

"Nimeuliza jina."

"Mama yao ndiye anajua mambo ya majina."

Mathe hakumsukuma. Akamwonyesha karatasi, akamweleza kuhusu gundi na ule unga wa pareto. Mzee akainua mkono.

"Pareto hapana. Chebet akinusa pareto anakohoa mpaka ashike ukuta. Tangu akiwa mdogo."

Nikasema kutoka kwa sufuria, polepole, "Kikohozi anajua, jina ya mjukuu hajui."

"Koroga," Mathe akasema.

Hayo maganda niliyachemsha mimi, lakini karatasi aliishusha Mathe. Ilitoka rangi ya nyasi kavu, na vinyuzi vidogo vya dhahabu ndani. Foreman alikata na akapiga mstari. Kwa uso wa kadi Mathe aliweka nywele za mahindi zilizokaushwa kwa kitabu, akazipanga na sindano mpaka zikakaa kama mti wa mahindi unapigwa na upepo. Ndani akaweka karatasi nyeupe ya kuandikia. Gundi ilikuwa uji mtupu, bila pareto, venye mwenyewe aliagiza.

Mathe alitaka kadi ikae chini ya mawe mpaka karibu na siku yenyewe. Mzee akaja mapema. Alisema anataka kukaa nayo, afikirie maneno.

"Utaiweka mahali kavu?" Mathe akauliza.

"Store yangu ndio mahali kavu kuliko yote Rongai. Mahindi yangu haijawahi kushika ukungu."

Na hiyo haikuwa majivuno, kila mtu alijua. Huyo mzee alikuwa anajua unyevu wa mahindi kwa kuuma punje moja. Mtu kama huyo utamfundisha nini juu ya mahali kavu? Tukampa kadi kwa bahasha yake, akaishika na mikono miwili mpaka kwa pikapu. Akafika nyumbani, akaiweka pale anaweka kila kitu anachojali: juu ya magunia ya mahindi.

Siku moja kabla ya maombi alirudi. Pikapu ilikuwa imekwama kwa matope, kwa hivyo alikuwa ametembea kutoka stendi, kwa mvua, bahasha ndani ya koti. Akaiweka kwa dawati langu bila salamu. Nilipoiinua, unga mwepesi ulimwagika kutoka kona.

Ilikuwa imetobolewa. Mashimo madogo ya mviringo, safi kama yametobolewa na msumari, yamepita bahasha, yamepita uso wa kadi, yamepita ile karatasi nyeupe na kutoka upande wa pili. Mdudu mmoja mweusi akatembea kwa kidole changu.

"Ni dumuzi," mzee akasema. "Walitoka kwa gunia wakapitia hapo."

Dumuzi ni yule mdudu anakula mahindi mpaka anabakisha unga. Anakula hata mbao ya store. Mtu wa mahindi anamchukia kuliko mwizi, na huyu mtu wa mahindi alikuwa amemletea chakula mwenyewe, na gundi ya ngano juu. Nilikuwa na mzaha hapo hapo. Nikauangalia uso wake nikaumeza.

Foreman alikuja, akaangalia kadi, akaangalia mawingu. "Karatasi mpya haiwezi kukauka mpaka kesho. Na hii mvua."

"Tuko na kadi zingine tayari," nikasema. "Kuna moja ya maua, nzuri sana."

"Hiyo si ya shamba yangu," mzee akasema. "Hiyo mtu yeyote anaweza kumpelekea."

Akakaa chini. Alikaa venye mtu anakaa hospitali akingoja daktari na ameshajua daktari atasema nini. Alianza kuirudisha kadi kwa koti, na hapo Mathe akamshika mkono, akaichukua, akaenda nayo kwa dirisha. Akaiinua. Mwanga ukapita kwa mashimo. Akaigeuza, akaiangalia tena.

"Shiru," akasema, "niletee ile ya vitunguu."

Ya vitunguu ilikuwa karatasi tuliyopaka rangi kwa kuchemsha maganda ya vitunguu, yale ya nje, makavu. Inatoka rangi kati ya machungwa na dhahabu. Tulikuwa nayo moja tu, na Mathe alikuwa ameificha asije akaitumia mtu asiyejua. Mtu huyo ni mimi.

Kwanza aligongagonga kadi juu ya karai mpaka mdudu wa mwisho akaanguka. Akaifuta unga na brashi. Akaweka kitambaa juu na kupitisha pasi ya moto, ndio hata kama kuna mwingine amelala ndani asiamke tena. Ile karatasi nyeupe ya ndani akaitoa kwa mvuke wa sufuria, sababu uji wa ngano ukipata mvuke unaachilia pole bila kurarua. Mahali pake akabandika ya vitunguu. Akapitisha mfupa, kutoka katikati kwenda nje, mara kadhaa, akaisimamisha kwa dawati.

Mkienda Menengai jioni, msimame pale juu, mwangalie Nakuru wakati watu wanaanza kuwasha taa. Ilikuwa hivyo. Mti wa mahindi ulisimama kwa uso wa kadi, na kila shimo la dumuzi likawa linawaka kuuzunguka. Hakuna mtu angeyapanga hivyo, hata Mathe.

Foreman alivua kofia. "Hiyo mimi singeweza," akasema. Hiyo ndiyo sifa ya pekee niliwahi kusikia ikitoka kwa huyo mzee, na aliisema akiangalia chini.

Baba Chebet ndiye hakuwa ametulia. "Lakini ataona ilitobolewa."

"Si ni mtoto wa store?" Mathe akamwambia. "Amekulia kwa magunia. Akiona shimo ya dumuzi atajua hii kadi imelala wapi. Hapo hata usipoweka jina atajua ni ya nani."

Mzee akashika kadi, akasogeza ncha ya kidole karibu na shimo moja, hakuligusa.

Ikabaki maneno. Hiyo ilikuwa idara yangu. Nikampatia biro, nikamtolea yale maneno ya msimu: Mungu akutangulie, kalamu yako ipate upako, ufaulu kwa kishindo.

"Hayo yako kwa kadi zote," akasema.

"Ndio mzee, ndio maana yanauzwa."

"Mimi sijui kuongea na yeye."

"Basi usiongee kama mwalimu mkuu. Mwambie kitu ya nyumbani. Leo asubuhi umeona nini?"

Akafikiria mpaka nikadhani amelala. Mvua ilikuwa inapiga mabati. "Leo asubuhi," akasema, "amenifuata store. Alikuwa ameshika ukuta. Halafu akaacha ukuta."

"Nani?" nikauliza.

Hakuniangalia mimi. Aliangalia Mathe.

"Kiprop," akasema.

Mathe alichukua kitambaa akaanza kupanguza dawati ambalo lilikuwa safi.

Aliandika pole, herufi kubwa kubwa, biro imeshikwa kama jembe. Alinisomea ndio nimwambie kama iko sawa. Ilikuwa hivi: *Chebet. Kiprop ameanza kutembea. Leo alikuja mpaka store peke yake. Fanya mtihani bila haraka. Sisi tuko. Baba.*

Nikamwambia iko sawa. Sikuongeza kitu, na watu wanaonijua wanajua hiyo ilinigharimu.

Nimestaafu mwaka huu. Naenda kufungua kibanda changu Mai Mahiu, chini ya mteremko, pale malori yanasimama. Mathe alinifanyia chai ya kuniaga pale pale kando ya sufuria, mandazi kwa karai ambalo tulikuwa tumeosha vizuri, natumaini. Foreman alitoa hotuba. Alisema, "Alikuwa anaongea." Akakaa. Mathe akanipatia mfupa wake, ule wenye alama ya kidole gumba. Nilijaribu kidole changu hapo. Alama ni kubwa kuliko mimi bado.

Baba Chebet alikuja. Alileta mahindi mabichi ya kuchoma, na alikuwa ameshika kijana mdogo kwa kidole kimoja, kijana anatembea kama bosi anakagua mradi. Mtihani Chebet alipita, si kwa kishindo, lakini alipita, na sasa anasomea kazi ya maabara. Nikamuuliza mzee kama ile kadi ilifika siku ile. Ile kuuliza tu, akafungua kifungo cha koti na kutoa kitu kwa mfuko wa kifua.

Siku ya maombi Chebet alikuwa amefungua bahasha, akaenda nyuma ya darasa, akarudi na kadi amemtengenezea baba yake, akampatia mama yake kabla geti ifungwe. Wadogo zangu, nimewaeleza kila kitu juu ya hii kazi, sasa sikizeni. Ilikuwa karatasi ya katikati ya kitabu cha hesabu. Ilikuwa imekunjwa kuvuka njia, mgongo umepasuka. Ilikuwa imebandikwa na ugali wa shule, unaona chembe zimekauka kwa kona. Haikuwa imepigwa mstari. Mbele kulikuwa na nyayo mbili ndogo zimechorwa na biro. Ndani alikuwa ameandika: *Baba, mshike mkono pale kwa ngazi ya store. Ni ya juu.*

Foreman akaiangalia, na kazi ni kazi, hakuweza kujizuia. "Imekunjwa vibaya. Nipatie niipige mstari, niiwekee mgongo. Ni dakika tu."

Baba Chebet akairudisha kwa mfuko, akafunga kifungo.

"Usiguse," akasema.

Na huyo Foreman, ambaye maisha yake yote hajawahi kuacha mkunjo mbaya upite, akasema, "Sawa sawa," akamkatia Kiprop andazi.

Mimi nimetengeneza kadi za kila aina, zingine nzuri mpaka nilikuwa naona uchungu kuziuza. Hakuna hata moja nimewahi kuona imeshikwa hivyo. Magadi na wavu na njia ya karatasi, jifunzeni zote, sababu mkijua mtafanya haraka siku mtu atakuja kwenu na mvua kwa koti. Hiyo siku mtataka mikono yenu iwe inajua kazi, ndio macho yaweze kumwangalia mwenye kadi.

Kibanda kinafunguliwa wiki ijayo. Mfupa niko nao, sufuria niko nayo, na Mai Mahiu madereva wenye makosa hawajawahi kuisha. Jeki sitaki. Lakini wakileta nitachukua.